Montre gani inasaidia kweli ku Masisi na Walikale?

Mara mingi mutu anachagua montre kwa macho: ile inangaa, ile iko na viduara vitatu ndani na namba mingi pembeni. Lakini ku Masisi na Walikale, fasi courant inakosekana usiku na centre de santé inaweza kuwa mwendo wa siku nzima, tuulize swali ingine: kati ya vile vitu vyote, ni gani inafanya kazi?

Ya kwanza ni sekunde. Mutoto mwenye kikohozi anahesabiwa pumzi dakika moja nzima, akiwa ametulia. Kufuatana na OMS, mutoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 ao zaidi, ama wa mwaka 1 mpaka 5 akifikisha mara 40, pumzi inaenda mbio na inaweza kuwa pneumonie. Apelekwe kwa muganga bila kukawia. Montre ya mishale miwili tu haiwezi hesabu hiyo. Tena, mushale wa sekunde uwe murefu, katikati. Kale kadogo kenye kuzunguka ndani ya kiduara chake kanasumbua macho.

Ya pili ni mwangaza. Usiku wa kuzalisha, mukunga anahesabu uchungu wa mama ndani ya dakika 10. Rangi yenye kungaa ku mishale inakunywa kwanza mwanga wa jua ao wa torche, kiisha inafifia pole pole. Montre yenye taa ya kufinya haina shida ile, pile ikiwa nzima.

Ya tatu ni kengele. Dawa ya malaria ya artéméther-luméfantrine, kipimo cha pili kinamezwa masaa 8 nyuma ya cha kwanza, kiisha asubui na mangaribi kwa siku mbili zenye kufuata. Hapa tuangalie: karatasi ikiandika « 8 h », kwetu ni saa mbili ya asubui. Mutu akisoma « saa nane », atameza 14 h, amechelewa masaa 6. Njo maana montre yenye kuhesabu mpaka 24 inafaa nyumbani: 8 na 20 haziwezi kuchanganyika.

Tarehe nayo ina faida, kwa mama mwenye kufuata chanjo za wiki 6, 10 na 14, lakini isiaminiwe yenyewe. Casio F-91W, iliyotoka 1989, inahesabu mwezi wa pili siku 28 kila mwaka. Tarehe 29/2/2028 itaandika tayari 1. Montre za mishale zenye tarehe ya kawaida zinapeleka kila mwezi mpaka 31, kwa hiyo unazirekebisha mara 5 kwa mwaka.

Na maji? « 30 m » haimaanishe kuzama metre 30. Ni mvua na kunawa mikono, basi. Usifinye vifungo ikiwa ndani ya maji.

Yenye kubaki ni pambo zaidi. Namba za pembeni zenye kupima mbio, unahesabu sekunde za kilometre moja na mushale unaonyesha mbio. Lakini kwa kawaida zinaishia 60, ni kusema kilometre 1 ndani ya dakika 1. Barabara ya Sake mpaka Masisi, wakati wa matope, moto gani inafikisha 60? Picha ya mwezi: inua kichwa, utauona. Saa ya pili ya inchi ya mbali: Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, toa moja, imeisha.

Basi mbele ya kulipa, nyoosha mukono: sekunde zinasomeka? Funika montre na kiganja: inaonekana kwa giza? Kama majibu ni ndiyo, hata ya bei ndogo inaweza kuokoa mutoto usiku.