Mama, Kabla Hujalipia Viungo vya Tovuti

Akina mama wengi siku hizi wana biashara wanazoziendesha kutoka nyumbani: keki za harusi, ushonaji wa sare za shule, upambaji wa kumbi, chakula cha mchana cha kupelekwa maofisini. Baadhi yao wamekwisha kutengenezewa tovuti, mara nyingi na kijana wa nyumbani aliyeko chuoni. Picha ni nzuri, namba ya simu imeandikwa, bei zipo. Lakini miezi inapita na hakuna mgeni anayebisha hodi. Mtu akiandika kwenye Google maneno "keki za harusi" pamoja na jina la mji, yanatokea majina ya wengine.

Hapo ndipo unapoingia ujumbe kwenye simu kutoka kwa mtu usiyemfahamu. Anaahidi kukuwekea viungo elfu moja, na kwamba baada ya wiki mbili tovuti yako itakuwa ya kwanza. Bei yake huonekana ndogo, mpaka uilinganishe na ada ya muhula au mfuko wa unga. Makala hii tunamwandikia mama aliye karibu kuzitoa fedha hizo.

KIUNGO NI KITU GANI?

Hatuzungumzii iliki na mdalasini. Kiungo cha tovuti ni yale maneno ambayo ukiyagusa kwa kidole yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kiungo kikiwa kwenye tovuti ya mtu mwingine, na kikimleta msomaji kwako, tukiite kiungo cha kuja. Hicho ndicho kinachouzwa na kununuliwa, na hicho ndicho tunachotaka mama akielewe vizuri.

Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wakitafuta njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa umuhimu wake. Mitambo ya kutafuta ya wakati ule ilitegemea zaidi maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe, na kila mtu anaweza kujisifu katika ukurasa wake. Vijana hawa waliangalia jinsi wasomi wanavyofanya: kitabu kinachotajwa na vitabu vingine vingi huhesabiwa kuwa cha maana. Basi wakahesabu viungo vya kuja kama ushuhuda wa watu wengine. Mwaka 1998 kazi yao ikawa kampuni ya Google.

Jambo ambalo wauza viungo hawalitaji ni kwamba tangu mwanzo ushuhuda huo haukuwa na uzito sawa. Wenzetu waliokwisha kuozesha watalielewa hili upesi. Posa ikija nyumbani, tunaulizia ukoo wa kijana. Wapita njia kumi wakisema ni kijana mwema, tunasikia tu. Shangazi mmoja anayeheshimika, anayeijua nyumba ile kwa miaka ishirini, akisema neno lake, wote tunanyamaza kumsikiliza. Kiungo kimoja kutoka kwa tovuti inayoaminika, inayohusika na kazi yako, ni kama neno la shangazi huyo. Viungo elfu moja vya kununua ni wapita njia, tena wapita njia waliolipwa.

YALIYOLIPATA DUKA KUBWA

Huko Marekani kuna duka kubwa la nguo na vyombo vya nyumbani linaloitwa J. C. Penney. Katika majira ya Krismasi ya mwaka 2010, mtu akitafuta magauni, matandiko au mazulia kwenye Google, duka hili lilikuwa likitokea la kwanza kabisa, mbele hata ya watengenezaji wa bidhaa zenyewe. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza siri yake. Zilikutwa kurasa zaidi ya 2,000 zenye viungo vya kuelekea dukani humo, nyingi zikiwa hazina uhusiano wowote na mavazi: kurasa za kamari, za uhandisi wa nyuklia, hata za nyumba zinazouzwa Bulgaria. Uongozi wa duka ulisema haukuwa na habari, nao ukaiachisha kazi kampuni iliyokuwa ikiwashauri.

Google haikungoja. Jioni moja, saa moja usiku kwa saa za huko, duka lilikuwa la kwanza kwa mtu anayetafuta samani za sebuleni. Ilipofika saa tatu lilikuwa la 68. Kampuni yenye mawakili na mamilioni iliweza kuvumilia pigo hilo. Mama mwenye jiko moja la kuokea angelivumilia kwa lipi?

Baada ya hapo kamba ilizidi kukazwa. Mwezi Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga hasa viungo vya hila. Tangu mwaka 2016 mtambo umekuwa ukivipuuza viungo vingi vya namna hiyo papo hapo, bila hata kuiadhibu tovuti. Mtu anaweza kuona kwamba hiyo ni huruma, lakini kwa mnunuzi maana yake ni kwamba fedha zimeondoka na hakuna alichopata.

Tena jihadhari na mwuzaji anayetaka neno lako la siri ili "akuwekee viungo". Kiungo cha kuja hukaa kwenye tovuti ya mtu mwingine. Ya nini basi apewe ufunguo wa kwako?

WAPO WANAOKUFAHAMU TAYARI

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sokoni, labda. Kwenye intaneti kizuri kinahitaji mtu wa kukionyesha kwa kidole, na watu hao mama anao tayari ila hajawahi kuwaomba. Ukumbi unaoupamba kila mwezi una tovuti? Shule unayoishonea sare? Mwenye duka la jumla anayekuuzia unga na sukari? Kikundi chenu cha akina mama, chama cha wafanyabiashara, gazeti lililowahi kupiga picha keki yako? Keti na daftari uandike majina hayo. Wachache wakikubali kukutaja na kuweka kiungo, umepata mashahidi wanaokujua kwa kweli.

Kuomba kwenyewe kusiwe kurefu. Mwandikie mwenye ukumbi: "Dada, ninashukuru kwa kazi tuliyofanya pamoja. Nimeona ukurasa wenu unawataja wapambaji. Je, mnaweza kuongeza jina langu pamoja na anwani ya tovuti yangu, ili maharusi wanipate kwa urahisi?" Akikataa, usikasirike, ukumbi ni wake.

Njia ya pili ina jasho zaidi, nasi tunaipenda kuliko zote. Andika ukurasa mmoja unaojibu swali ambalo wateja wanakuuliza kila siku. Mshonaji aeleze namna ya kumpima mtoto anayekua ili sare imtoshe mwaka mzima, na mapindo ya kuacha. Mwoka keki aeleze keki ya siagi isafirishweje kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, na saa ngapi inaweza kukaa nje. Elezo kama hilo mwalimu ataliwekea kiungo kwa ajili ya wazazi, na mwenye ukumbi kwa ajili ya maharusi, bila kuombwa. Picha ya keki peke yake haimpi mtu sababu ya kukutaja.

Wengine hupenda mtindo wa nikune nikukune: wewe niwekee, nami nitakuwekea. Mpambaji na mpiga picha wanaofanya harusi pamoja wakitajana, hakuna ubaya. Kubadilishana na watu hamsini usiowajua ni hila ile ile iliyokatazwa. Tangazo la kulipia nalo halikatazwi, ila kiungo chake kiwekewe alama, iliyoanzishwa mwaka 2019, inayouambia mtambo kwamba kimelipiwa. Na viungo vya mitandao ya kijamii kwa kawaida huwa na alama ya kuuambia mtambo usivihesabu. Hata hivyo huleta watu, na mteja ni mteja.

Kuhusu muda, ushauri uliotolewa na Google mwaka 2017 ulisema kwamba kwa kawaida matunda ya kazi hii huonekana baada ya miezi 4 hadi mwaka mzima. Mweleze baba watoto hivyo tangu mwanzo, asije akadhani bando la intaneti linaliwa bure. Wakati unangoja, mwombe yule kijana aliyekutengenezea tovuti akufungulie Google Search Console, ambayo hailipiwi. Humo iko sehemu inayoorodhesha tovuti zenye viungo vya kuelekea kwako. Itazame mara moja kwa mwezi, na jina jipya likitokea, mpigie mwenyewe simu umshukuru.