Kufua Mapazia Makubwa Yenye Bitana

Pazia kubwa lenye bitana ni mali. Lina mita nyingi za kitambaa, na mara nyingi limenunuliwa kwa fedha za mbuzi au za mavuno ya msimu mzima. Likiharibika kwa kufuliwa ovyo siku moja, hasara yake si ndogo.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi hukosea. Elwak, katika Kaunti ya Mandera, jina lake lenyewe ni jina la kisima: kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu. Ardhi ya pande hizo ina jasi nyingi, lile jiwe jeupe laini litumiwalo viwandani kutengenezea saruji. Maji yakipita katika jasi huiyeyusha. Lita moja yaweza kubeba gramu 2 hivi. Maji hayo huitwa maji magumu. Sabuni ya mche haitoi povu ndani yake, bali hufanya utando kama maziwa yaliyoganda, nao hujishika kati ya kitambaa na bitana, mahali ambapo mkono haufiki. Pazia likikauka huwa gumu, tena la kijivu. Mwenyewe hudhani ni uchafu, akaongeza sabuni, na utando ukazidi.

Kuchemsha maji hayo hakuondoi jasi. Dawa yake ni magadi. Saga vijiko viwili vya mezani, utie katika debe moja la maji, ukoroge, halafu uache nusu saa. Utaona weupe umetua chini. Teka maji ya juu tu. Ukitaka kujua kama yamelainika, tia maji kidogo katika chupa pamoja na kipande cha sabuni, utikise. Povu likikaa, yamefaa. Lisipokaa, ongeza magadi kidogo. Sabuni ya unga hustahimili maji magumu kuliko ya mche. Na yafaa kukinga maji ya mvua ya masika na ya vuli, kwa kuwa hayo hayana jasi kabisa. Pazia la hariri au la sufu usilitie katika maji ya magadi. Lifue kwa maji ya mvua.

Wenzetu wa skimu za Hola na Bura hutumia maji ya Mto Tana, na taabu yao ni tope. Wao wayaache maji yatulie katika pipa usiku kucha.

Kabla ya kulowesha, toa pazia nje, uondoe kulabu na pete zote, kisha ulikung'ute na kulipiga kwa fimbo laini, upande wa bitana na upande wa mbele. Usione uvivu. Vumbi lililolowa ni tope, na kila debe unaloliokoa hapa ni maji ya kunywesha mifugo.

Sasa itazame bitana. Mara nyingi bitana ni pamba na kitambaa cha mbele ni cha nailoni au mfano wake. Pamba hujikunyata, nailoni haijikunyati, na pazia hutoka limevutana na kukunjamana upande wa chini. Kwa hiyo fumua pindo la chini la bitana kabla ya kufua, utumie maji baridi, na ulishone upya pazia likiwa limetundikwa. Pembe moja ijaribu kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kama rangi yatoka, fua peke yake na kwa haraka.

Karai halitoshi. Tumia pipa lililopasuliwa, ukanyage polepole kwa miguu safi. Usilisokote, maana nyuzi za mshono hukatika. Likunje, ulikandamize maji yatoke. Suza mara mbili. Pazia lililolowa ni zito sana, basi libebwe na watu wawili.

Lianike asubuhi kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, juu ya kamba mbili zilizo mbalimbali kidogo ili hewa ipite katikati, bitana ikielekea jua. Ua wa miiba si mahali pa kuanikia.

Maji yaliyobaki yana magadi. Usiyamwage penye mboga, kwani huharibu udongo, wala usiwape mbuzi. Yanafaa kuoshea choo, au kunyunyizia uani ili vumbi litulie.