Sarufi ya Kiingereza: Mzazi Usikimbie, Uliisoma kwa Kiswahili

STANMORE, London – Hapa Stanmore, kituo cha mwisho cha treni za Jubilee, wazazi tuliotoka Afrika Mashariki tuna mtihani wetu kila jioni. Mtoto anafungua daftari na kuuliza: "Baba, fronted adverbial ni nini?" Tunatazamana. Kiingereza tunakisema kazini kutwa nzima, lakini jina hilo hatukuwahi kulisikia.

Mwaka 2013 England ilianzisha mtihani wa sarufi, alama za uandishi na tahajia kwa watoto wa mwaka wa 6, wenye miaka 10 na 11. Una alama 70: sarufi na alama za uandishi 50, tahajia 20. Mtaala wa 2014 ukaorodhesha istilahi za kila darasa.

Wala si wageni peke yetu tunaobabaika. Mei 2016 BBC ilimuuliza Nick Gibb, aliyekuwa waziri wa shule, neno "after" ni la aina gani katika sentensi ya mtu aliyekwenda sinema baada ya kula. Akajibu kihusishi. Kumbe ni kiunganishi, kwa sababu lilifuatiwa na kishazi chenye mtendaji na kitenzi chake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mengi ya mambo haya tulifundishwa nyumbani kwa majina mengine. Noun ni nomino, verb ni kitenzi, adverb ni kielezi. Simile ni tashbihi, metaphor ni sitiari, personification ni tashihisi. Na ile fronted adverbial? Ni kielezi kilichotangulizwa tu: "Jana jioni, tulikwenda sokoni." Asichosahau mtoto ni mkato baada yake.

Lakini tahadhari. Sisi wenyewe tulimwambia binti yetu kwamba "my" ni kivumishi, kwani "-angu" kwa Kiswahili ni kivumishi cha kumiliki. Akarudi na alama ya kosa. Hapa "my", "this" na "the" huitwa determiner, kundi ambalo sarufi tuliyosoma sisi haikulitenga. Siku hiyo tulijifunza kuuliza kwanza shule inaliitaje.

Jambo hili linawagusa na wasomaji wa nyumbani. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia, na mara nyingi huyaona maneno haya kama elimu mpya. Mwalimu akimkumbusha kwamba simile ni tashbihi ile ile aliyoijua, nusu ya mzigo imetuliwa.

Basi mzazi mwenzetu, jioni ya leo usimkimbie mtoto. Chukueni karatasi, mpige mstari katikati, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Yeye atafaulu mtihani, na Kiswahili kitabaki mezani kwenu.