Dubu Hana Haja na Kalenda Yako

Kila inapotangazwa kambi ya wanawake ya kuandika kuhusu maumbile katika milima ya Montana au Wyoming, kuna swali moja lisilokosekana, nalo halihusu kalamu, hema wala baridi. Aliye kwenye siku zake aje, au abaki nyumbani asije akawaitia wenzake dubu? Huulizwa kwa kunong'ona, kikao kikishakwisha, na muulizaji mara nyingi keshajijibu: ameshaahirisha safari.

Aje. Wataalamu wa dubu wamelisema hilo kwa miongo kadhaa, na bado wanaulizwa.

Uvumi huu una asili inayojulikana. Usiku wa kuamkia 13 Agosti 1967, katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana, dubu wawili wa aina ya grizzly waliwaua wasichana wawili wa miaka 19 katika sehemu mbili tofauti. Tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1910, dubu hakuwa ameua mtu humo. Watu wakatafuta sababu, wakaikuta kwenye mwili wa mwanamke: ikasemwa kwamba mmoja wao alikuwa kwenye hedhi. Baadaye vikatoka vipeperushi vya kuwaonya wanawake wasiingie kwenye makazi ya dubu siku hizo.

Jalala halikupewa uzito huo kwenye uvumi. Pale Granite Park, palipotokea shambulio la kwanza, mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa karibu na nyumba ya wageni, na jioni wageni walijipanga kutazama grizzly wakija kula. Kwenye ziwa la Trout Lake, palipotokea la pili, dubu mmoja aliyekonda alikuwa amevamia kambi za watu kiangazi kizima. Wanyama hao walishazoeshwa kwamba penye binadamu pana mlo. Kuwasingizia marehemu kulikuwa rahisi kuliko kufunga jalala.

Anayeng'ang'ania imani hii atawataja dubu wa barafu, na hapo apewe haki yake. Utafiti wa Bruce Cushing huko Churchill, Kanada, uliochapishwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba dubu hao huvutiwa na tamponi zilizotumika, ingawa damu ya kawaida ya binadamu hawakuijali. Basi atakayepeleka waandishi wake kupiga hema juu ya barafu ya Hudson Bay na alizingatie hilo. Wengine wote wasome utafiti wa mwaka 1991 ulioongozwa na Lynn Rogers huko Minnesota: dubu weusi wa porini waliwekewa tamponi zilizotumika, wakazipuuza. Stephen Herrero, aliyechambua mamia ya mashambulio ya grizzly, hakuona uhusiano wowote na hedhi.

Hifadhi ya Yellowstone nayo ilihesabu. Kati ya 1980 na 2011 watu 43 walijeruhiwa na dubu humo. Wanaume walikuwa 34, wanawake 9, na sita kati ya hao tisa walikutana na dubu ghafla. Kama hedhi ndiyo chambo, wanaume hao 34 wana maelezo ya kutoa.

Neno la kushika katika hesabu hiyo ni moja: ghafla. Kambi za uandishi zina desturi ambayo hakuna anayeihoji. Mwalimu huwatawanya washiriki asubuhi, kila mmoja peke yake, kimya kabisa, akae kando ya kijito asikilize. Maji yanafunika mlio wa nyayo, vichaka vya matunda pori vinaziba macho, na mama dubu mwenye watoto anajikuta hatua chache kutoka kwa mtu ambaye hakumsikia akija. Usiku mwandishi huyo huyo analala na biskuti ndani ya mfuko wa daftari, mafuta ya mikono yenye harufu ya nazi na dawa ya meno ya mnanaa. Halafu anayeulizwa tarehe zake ni jirani yake.

Kwa hiyo, haraka haraka: tembeeni watatu au zaidi, mkiongea kwa sauti na kupiga makofi, vikengele vya kufunga begini havitoshi. Kimya kiwe cha mkikaa, mahali pa wazi, mkionana. Chakula, vipodozi na pedi, mpya kwa zilizotumika, viwekwe kwenye kopo gumu lisilofunguka kwa dubu, kama mita mia kutoka kwenye mahema. Zilizotumika zifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na mrudi nazo mjini. Kuzifukia ni kumwachia mnyama kazi ya kufukua. Ukimwona dubu usikimbie, rudi nyuma taratibu. Grizzly uliyemshtua akikuangusha, lala kifudifudi, mikono shingoni, usitikisike. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye. Kila mmoja awe na kopo lake la dawa ya pilipili ya kupulizia, kiunoni, si chini ya begi, na ajifunze kuitoa kabla ya safari. Lakini anunue akishafika: kopo hilo haliruhusiwi kwenye ndege, hata ndani ya mizigo.