Mtoto asiyetulia: nani akate shauri juu ya dawa?



Leo tutaongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni dogo, kumbe linavunja amani ndani ya nyumba nyingi. Ni jambo la mtoto asiyetulia. Mwalimu anamlalamikia, jirani anamfukuza, bibi anasema amerogwa, na mjomba anasema apewe dawa. Mama anabaki katikati, hajui amsikilize nani.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amekimbia vita pamoja na watoto wanne. Wanalala katika nyumba ya shemeji yake huko Bukavu. Baba yuko mbali, anatafuta feza katika machimbo ya Walikale. Kijana wao wa miaka minane hakai chini. Anasahau alilotumwa, anawakatiza watu maneno, anapigana na wenzake, na daftari lake halimaliziki. Ndugu wa baba aliyehamia Marekani anapiga simu: «Mtoto wangu alikuwa vilevile. Alipewa vidonge, sasa anasoma vizuri. Nitawatumia.» Shemeji anakubali kwa sababu amechoka na kelele. Bibi anakataa. Baba anakasirika kwamba hakuulizwa. Sasa swali si la dawa tu, ni la nani mwenye neno juu ya mtoto. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Ugonjwa huu ni nini?

Upo ugonjwa ambao waganga wa hospitali, kwa Kifaransa, wanauita TDAH. Ni shida ya ubongo katika kushika usikivu na kujizuia. Si malezi mabaya, wala si uchawi. Unapatikana katika nchi zote, karibu watoto watano katika kila mia.

Lakini si kila mtoto asiyetulia ana ugonjwa huo. Mganga anaangalia mambo matatu. Kwanza, dalili zimedumu miezi sita au zaidi. Pili, zilianza kabla ya mtoto kufikia miaka kumi na miwili. Tatu, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja: nyumbani na masomoni pia. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, au aliyeanza kusumbua baada ya kukimbia kijiji, huenda ana shida nyingine.

Hapa kwetu jambo hili ni zito. Mtoto aliyesikia risasi na kuona watu wakiuawa hukaa macho kama mlinzi. Mlango ukigongwa anaruka. Usiku halali, mchana hawezi kusikiliza somo. Mwalimu akimtazama anaona utundu, kumbe ni woga. Njaa nayo huondoa usikivu. Mtoto mwenye usaha masikioni hasikii unayomwamuru, naye anaitwa mkaidi. Asiyeona vizuri ubaoni anacheza kwa sababu hana la kufanya. Aliyepona malaria ya ubongo anaweza kubaki na shida ya usikivu. Kuna pia aina ya kifafa isiyoangusha mtu: mtoto anakodoa macho kwa nukta chache, kisha anaendelea kama kawaida.

Ongeza jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Phenobarbital, dawa ya kifafa inayotolewa sana katika vituo vyetu vya afya, inaweza yenyewe kumfanya mtoto asitulie. Ukiona hivyo usiikate dawa, maana kukata dawa ya kifafa kwa ghafula kunaleta kifafa kikali. Rudi kwa muuguzi, umweleze, yeye ataamua.

Kwa hiyo, kabla ya kusema «dawa», sharti mtoto apimwe: masikio, macho, uzito, damu, usingizi, na mambo aliyoyaona katika vita.

Dawa yenyewe inafanya nini?

Dawa inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu inaitwa metilfenidate. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, nayo imeuzwa tangu miaka ya 1950 kwa jina la Ritalin. Inasaidia sehemu ya ubongo inayoongoza usikivu na kujizuia. Kati ya watoto kumi wenye TDAH ya kweli, karibu saba huonekana nafuu. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa tatu au nne, kisha nguvu yake inaisha. Haiponyi ugonjwa mara moja tu kama dawa ya minyoo. Haifuti kumbukumbu za vita, haishibishi tumbo, wala haitibu sikio.

Tena ina upande wa pili. Inapunguza hamu ya kula. Inaweza kuzuia usingizi, kupandisha mapigo ya moyo na kupunguza kidogo mwendo wa kukua. Katika nchi yenye chakula, mzazi anampa mtoto chakula kingi asubuhi kabla ya kidonge na usiku baada ya nguvu yake kuisha. Wewe unayekula mara moja kwa siku utafanyaje? Mtoto aliyekwisha kukonda akinyimwa hata hamu ya kile kidogo kilichopo, ni hatari. Ndiyo maana uzito wake lazima upimwe kabla ya kuanza, na urudiwe kila mara.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linafundisha wauguzi wa vituo vidogo utaratibu huu: kwanza wazazi na mwalimu waelekezwe namna ya kumwongoza mtoto. Dawa ifuate tu kama hayo hayakutosha, kwa mtoto aliyefikia miaka sita, na kwa shauri la mganga bingwa. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, wataalamu wa OMS waliombwa kuiweka metilfenidate katika orodha ya dawa za lazima. Mara zote mbili hawakukubali, kwa kuwa hawakuridhika na ushahidi juu ya faida na madhara yake. Basi usishangae ukiikosa katika kituo cha afya, wala usidhani muuguzi anakuficha.

Vidonge kutoka kwa ndugu na kutoka sokoni

Je, vidonge vya ndugu wa Marekani tuvikubali? Hapana. Hatusemi hivyo kwa kumdharau ndugu. Yeye anasema kweli juu ya mtoto wake. Lakini mtoto wake alipimwa, naye anafuatwa na mganga. Kipimo chake si kipimo cha mwingine. Na tena dawa hiyo iko chini ya mapatano ya mataifa ya mwaka 1971 juu ya dawa zinazogeuza akili. Haitumwi ndani ya mfuko wa nguo kama sabuni. Inaweza kuibwa na kuuzwa kwa vijana, na anayekutwa nayo bila karatasi ya mganga anaweza kuingia mashakani.

Nanyi jamaa mliohamishiwa Marekani mnaosoma maneno haya, mjue kwamba sheria ya huko ya mwaka 2004 juu ya masomo ya watoto wenye ulemavu inawakataza wakubwa wa shule kumlazimisha mtoto kumeza dawa ya namna hii ili aruhusiwe kusoma au kupimwa. Mwalimu anaweza kueleza anayoyaona darasani. Kukata shauri ni kazi ya wazazi pamoja na mganga.

Hatari nyingine iko hapa kwetu sokoni. Watu wananunua Valium katika famasia ndogo na kumpa mtoto «alale tu». Dawa hiyo si ya ugonjwa huu. Inamlaza, inamfanya mzito, na ikizidi inaweza kuzuia pumzi. Mtoto aliyelala si mtoto aliyepona.

Sheria inasema nini?

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyogeuzwa mwaka 2016, inaweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja, na afya yake imo ndani ya mamlaka hayo. Jamaa iliyowapokea inastahili heshima na shukrani, lakini haichukui nafasi ya wazazi. Shemeji anaweza kushauri, hawezi kuamuru. Baba aliye mbali hapotezi neno lake, lakini naye asingoje kuulizwa ndipo amkumbuke mtoto. Kama simu inapatikana, mama ampigie kabla ya shauri kukatwa, amweleze alivyosema mganga, si alivyosema jirani.

Mtoto naye ana neno. Mapatano ya haki za mtoto ya mwaka 1989, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1990, yanasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na wazo lake apewe nafasi ya kulisema katika mambo yanayomhusu. Mwulize: «Usiku unaota nini? Masomoni ni kitu gani kinachokushinda?» Pengine jibu lake litafunua yale ambayo wakubwa hawakuyaona.

Na neno la uchawi? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Anayemfunga mtoto kamba, anayemfungisha kula ili pepo atoke, au anayemfukuza aende kulala barabarani, hasimami na mila. Ameivunja sheria, na amemtoa mtoto huyo kwa makundi ya silaha yanayotafuta watoto wasio na mwenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, mama, nenda katika kituo cha afya cha karibu. Usiseme tu «mtoto ni mbaya». Eleza yalianza lini, yanatokea wapi, analala namna gani, anakula nini, aliona nini. Mwalimu akikuandikia mistari michache, ipeleke. Muuguzi akiona inafaa, atakutuma mbele. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu na Bukavu kuna SOSAME, vyote vya Mabruda wa Karita, vinavyotunza magonjwa ya akili. Vita hugeuza njia na kazi, basi uliza kabla ya kulipa usafiri.

Pili, mganga akitaja dawa, mwulize maneno haya: Umejuaje kwamba si woga wa vita au sikio? Mtoto ataanza na kipimo gani, nani atapima uzito na moyo wake, na kila baada ya muda gani? Itagharimu franga ngapi kwa mwezi, na itapatikana wapi? Tukikimbia tena na dawa ikabaki nyuma, tufanyeje? Mganga mwema hakasiriki kuulizwa. Kama hakuna jibu juu ya kupimwa na kufuatwa, bora kungoja. Na kama kila jibu liko, na wazazi wamekubaliana, kumpa mtoto dawa si aibu wala si kumtupa. Ni kumtunza.

Tatu, dawa ikiwapo au isipokuwapo, kuna matunzo yasiyonunuliwa. Mwagize jambo moja kwa mara moja, ukimtazama usoni. Mpe kazi fupi, akimaliza msifu palepale. Saa ya kula na ya kulala zisibadilike, hata kama nyumba imebadilika. Mwalimu amweke mbele, amtume kufuta ubao ili apate kusimama. Fimbo haifundishi ubongo kutulia. Kwa mtoto aliyeona vita, inaongeza woga ule ule unaomsumbua.

Nne, machefu na kamati za kambi. Jamaa ikiwaletea ugomvi huu, msikate shauri juu ya dawa. Hiyo si kazi yenu. Kazi yenu ni kuwakalisha pamoja mama, baba au sauti yake kwa simu, bibi na mwenye nyumba, na kila mmoja asikilizwe bila kukatizwa. Hakikisheni kwamba kwa ajili ya mtoto huyo jamaa haifukuzwi nyumbani wala haiondolewi katika orodha ya chakula. Wazazi wakishindwa kabisa kupatana, iko tribinali ya watoto iliyowekwa na sheria ya 2009. Mahali ambapo tribinali haifanyi kazi kwa sababu ya vita, baraza lenu ndilo linaloweza kumkinga mtoto kwa siku hizi. Msiligeuze kuwa baraza la hukumu.

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Hana haja ya kumshinda bibi, shemeji au ndugu wa Marekani. Kila mmoja wao ameona upande mmoja wa kweli: mtoto anateseka, nyumba imechoka, msaada upo. Awaambie: «Tumpime kwanza, halafu tuongee.» Neno hilo fupi linaweza kuzima ugomvi wa miezi mingi.

Ndugu wasikilizaji, vita vimewanyang'anya watoto wetu nyumba, mashamba na miaka ya masomo. Tusiwanyang'anye na watu wa kuwasikiliza. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mwite yule anayekusumbua kuliko wote, umketishe karibu, umwulize siku yake ilikuwaje.

Mbaki na amani.