Kabla ya kununua spika nyingine, nunueni boksi la DI

Kuanzia Mfungo Mosi hadi Shaabani, huku pwani wiki haipiti bila harusi, na harusi nyingi zina taarabu. Kuna lalamiko moja ninalolisikia kila msimu. Spika ni kubwa, jenereta lipo, mwimbaji anajulikana, lakini chini ya kila wimbo kuna mvumo usioondoka mpaka vyombo vizimwe. Maneno yanazama. Taarabu ni maneno, ndugu msomaji. Mwenye harusi ametoa pesa zake ili wageni wasikie mashairi na mafumbo, nao wanarudi makwao wakiwa wamesikia kinanda kinachonguruma.

Vikundi vingi hujibu tatizo hili kwa kununua spika kubwa zaidi, ambayo hukuza mvumo pamoja na wimbo. Kifaa kinachotakiwa ni kidogo, chaenea kiganjani. Huitwa boksi la DI, na mafundi wa sauti hulitaja kwa herufi hizo mbili tu. Leo nataka tuelezane linafanya nini, na namna ya kuchagua litakaloishi miaka mingi katika hewa yetu ya chumvi.

Kinanda, gitaa la besi na laptopu hutoa sauti kwa waya wa kawaida wa jeki. Ndani yake mna njia moja ya sauti, na kuizunguka kuna wavu wa shaba. Ukiuvuta waya huo zaidi ya mita 6 hivi, huanza kunasa kelele za nyaya za umeme, taa na simu, kama vile erio ya redio inavyonasa mawimbi. Miksa nayo mara nyingi iko nyuma ya wageni, mita 20 au 30 kutoka jukwaani.

Boksi la DI hukaa karibu na chombo. Huipokea sauti na kuitoa kwa waya wa XLR, ule wa maikrofoni wenye pini tatu. Humo sauti husafiri katika nyaya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyenzake. Kelele ikiingia njiani huingia kote kuwili sawasawa. Ikifika kwenye miksa, tofauti ya nyaya hizo mbili ndiyo inayochukuliwa: sauti inabaki, kelele inafutika.

Chanzo cha pili cha mvumo ni umeme wa nyumba. Kinanda kimechomekwa soketi ya jukwaani, miksa soketi nyingine kule nyuma, na kila soketi ina waya wake wa ardhi. Ukiviunganisha vyombo hivyo viwili kwa waya wa sauti, ardhi hizo mbili zinakutana na umeme mdogo unazunguka baina yake. Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo mnaousikia. Chaja ya laptopu huleta kelele ya namna hiyohiyo, ila yake ni nyembamba kama nyuki.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Nimeona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja, fundi akinyamazisha mvumo kwa kukata lile jino refu la plagi, au kwa kupachika plagi ya meno mawili. Mvumo hunyamaza kweli. Lakini jino lile ni la ardhi, na kazi yake ni kuuchukua umeme endapo utavuja kwenye mwili wa chombo. Ukilikata, umeme ukivuja utangoja mtu. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma, jasho linamtoka, kisha anasogeza mdomo kwenye maikrofoni kuitikia kiitikio: mwili wake unakuwa ndio waya. Mpiga gitaa Les Harvey, wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni ambayo ardhi yake haikuwa sawa. Mvumo haustahili roho ya mtu.

Boksi la DI lenye transfoma huondoa mvumo huo bila kuigusa plagi. Transfoma ni misokoto miwili ya waya juu ya chuma, na misokoto hiyo haigusani. Sauti huvuka kwa nguvu ya sumaku, na umeme ule wa ardhi unakosa njia. Ubavuni mwa boksi kuna swichi ya kuachanisha ardhi. Hiyo huachanisha ardhi ya waya wa sauti peke yake, na ardhi ya plagi inabaki kumlinda mwanamuziki.

Sasa tuje dukani. Maboksi haya ni ya aina mbili. La kwanza halihitaji umeme wowote. Ndani mna transfoma, swichi na soketi basi. La pili lina saketi ndogo, nalo hutumia betri ya volti 9 au umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa, ambao mafundi huuita fantomu.

Kwa kinanda na laptopu nashauri lile lisilo na umeme. Vyombo hivyo vina sauti ya nguvu, havihitaji msaada. Boksi hilo halina betri ya kukata roho katikati ya wimbo, wala betri ya kuvuja na kuacha unga wa kijani kwenye vyuma, jambo ambalo hewa yetu hulichochea. Udi ni habari nyingine. Udi, chombo ambacho marehemu Zein l'Abdin wa Lamu alikifikisha mbali, mara nyingi hubandikwa kinasa sauti cha piezo, na sauti yake ni dhaifu. Ukikitia kwenye boksi lisilo na umeme, udi hulia kama uko ndani ya kopo. Hicho kipeni boksi lenye umeme, ambalo kizuizi chake cha kuingilia kinafika megaohmu 1 au zaidi. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Kabla ya kulinunua, hakikisheni miksa mnayotumia ina fantomu.

Kuhusu uimara, likagueni boksi kwa mikono. Liwe la chuma au alumini nene, mtu akilikanyaga lisibonyee. Radial ya Kanada, kwa mfano, huyatengeneza yake kwa bati la chuma la karibu milimita 2. Chomekeni jeki kisha mtikise: soketi iwe imefungwa kwa nati au skrubu kwenye mwili wa boksi. Soketi iliyoshikiliwa na risasi ya kuchomea peke yake hulegea baada ya harusi chache. Swichi ziwe zimezama ndani, sanduku la spika likiangukia juu zisivunjike. Boksi lifunguke kwa skrubu, ili fundi wa mtaani aweze kulitengeneza.

Pia nendeni dukani na kinanda chenu. Pigeni noti nzito kabisa kwa sauti ya juu. Transfoma ndogo ya bei ya chini huelemewa na besi, na sauti hutoka imechafuka. Msikubali maelezo ya muuzaji kabla ya kusikia kwa masikio yenu.

Likishanunuliwa litunzeni. Baada ya shughuli ya ufukweni, lipanguseni kwa kitambaa kikavu. Mlihifadhi kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Betri itoeni kila mmalizapo kazi.

Kikundi cha kawaida kinaweza kuanza na matatu: mawili yasiyo na umeme kwa kinanda na besi, na moja lenye umeme kwa udi. Likipatikana la nne, liwe la laptopu. Jumla yake si pesa ndogo kwa vijana wanaogawana malipo ya usiku mmoja, nalijua hilo. Lakini changeni mnunue moja moja, mkianza na la kinanda, na yawe mali ya kikundi. Msitegemee mwenye kukodisha vyombo, kwa sababu wengi hawayaleti mpaka waulizwe.

Nanyi wazazi mnaokodi vyombo kwa ajili ya harusi, ulizeni maswali mawili kabla ya kulipa rubuni: mna maboksi ya DI mangapi, na plagi zenu zote zina meno matatu? Mkiona jino limekatwa, mwambieni fundi abadilishe plagi kabla vijana hawajapanda jukwaani.