Miadi ya Daktari na Lugha ya Mgonjwa

Wapo wanaoamini kwamba foleni za zahanati zetu zitakoma siku ile kila mgonjwa atakapoweza kuweka miadi kwa simu. Katika hospitali za kibinafsi jijini Nairobi jambo hilo si geni: mtu hufungua mtandao, huchagua daktari na saa, kisha hupokea ujumbe wa kumthibitishia. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, hata mwanakijiji wa Matinyani, huku Kitui Magharibi, ametakiwa kujisajili kwa mtandao au kwa kubonyeza *147#. Kutoka kujisajili hadi kuweka miadi si safari ndefu. Mimi siipingi safari hiyo. Swali langu ni la mwanaisimu: miadi hiyo itaandikwa kwa lugha gani, na ataisoma nani?

Utaratibu wa jadi tunaujua. Mgonjwa hudamka alfajiri, hufika zahanati, huweka kijitabu chake juu ya vingine, na vijitabu hivyo humshikia zamu. Ni utaratibu unaochosha. Mkulima wa ndengu hupoteza siku nzima ya palizi. Lakini akiitwa husemeshwa na mtu, na asipoelewa huuliza. Hebu tazama, hata hivyo, kinachoandikwa kijitabuni: TCA 2/52. Maana yake ni kwamba mgonjwa arudi baada ya wiki mbili, maadamu mwaka una wiki 52. Ikiwa 3/12, ni miezi mitatu. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa shahada alama hizo, na wengi wao hawakuweza kuzifumbua. Seuze bibi kizee mwenye shinikizo la damu! Yeye hutegemea alichoambiwa kwa mdomo.

Na mdomoni nako kuna mtego. Waswahili huanza kuhesabu siku kwa Jumamosi. Wakamba huanza kwa siku ambayo Waswahili huiita Jumatatu. Kwa hiyo Wakatatu ya Kikamba ni Jumatano ya Kiswahili, na Wakatano ni Ijumaa. Bibi akiambiwa na muuguzi mgeni arudi Jumatano, naye akashika ile "tano" peke yake, atafika siku mbili baadaye. Kliniki ya shinikizo la damu aghalabu huwa na siku yake maalumu katika juma. Akiikosa atarejeshwa nyumbani, ilhali vidonge vimekwisha, na maradhi hayo hayangoji.

Je, simu itaondoa mtego huo? Yamkini itaongeza mwingine. Ujumbe ukiandikwa "8.00 AM", mjukuu atamsomea: "Susu, ni saa nane." Saa nane kwetu ni mchana, wakati ambapo benchi za kliniki zimekwisha kubaki tupu. Bibi hatakuwa amekosea hata kidogo, wala mjukuu hatakuwa amesoma vibaya tarakimu. Ni saa mbili za kuhesabia zilizogongana ndani ya simu moja.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaelekeza kwamba mgonjwa, inapowezekana, aelezwe habari za afya yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sioni kwa nini tarehe ya kurudi ihesabiwe kuwa nje ya habari hizo. Ujumbe na uje kwa Kiswahili na Kikamba, utaje siku, tarehe na "saa mbili asubuhi" kwa maneno, na ufike hata kwenye simu isiyo na intaneti. Aliye hana simu asisukumwe nyuma ya foleni na aliyenayo. Abakiziwe nafasi zake kila asubuhi. Fauka ya hayo, mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakakabidhiwa simu za kazi. Hao huingia nyumba hadi nyumba, nao wanaweza kuuthibitisha ujumbe kwa sauti.

Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, waambieni wanafunzi waombe ruhusa ya wazee wao, wanakili alama za miadi tu kutoka vijitabu vya kliniki, kisha wazitafsiri darasani. Matokeo yake yapelekwe kwa muuguzi wa zahanati iliyo jirani na shule.